Viungo vya mabomba ya PVC: nguvu ya gundi na wajibu wa muuzaji na msafirishaji

Mabomba ya plastiki aina ya PVC ni miongoni mwa vifaa vya ujenzi vinavyovuka mipaka ya Afrika Mashariki kwa wingi, kutoka viwandani na bandarini kwenda Rwanda, Burundi, Uganda, mashariki mwa Kongo na Zambia. Mabomba huambatana na fitingi, yaani soketi, elbo, tii na valvu, na fitingi huambatana na makopo ya gundi. Katika mzigo mzima gundi ndiyo yenye thamani ndogo kuliko vyote, lakini ndiyo inayoleta ugomvi mkubwa.

Mteja anaporudi dukani, malalamiko huwa yale yale: kiungo kimeachia, maji yamemwagika, na anataka arudishiwe fedha zake. Mwenye duka humlaumu msambazaji, msambazaji humlaumu msafirishaji, na wote kwa pamoja humlaumu fundi. Mara nyingi mzozo huo unaweza kuamuliwa kwa kukiangalia kiungo chenyewe, kwa kuwa sababu ya kuachia huacha alama. Makala haya yanaeleza kiungo cha gundi hupata wapi nguvu zake, huzipoteza wapi, na sehemu ipi iko mikononi mwa mfanyabiashara na mwenye gari kabla fundi hajagusa bomba.

Gundi inayoyeyusha

Gundi ya mabomba ya PVC haifanyi kazi kama gundi ya mbao au ya viatu. Ndani ya kopo kuna plastiki ya PVC iliyoyeyushwa katika viyeyushi vikali kama tetrahidrofurani, metili etili ketoni, sikloheksanoni na asetoni. Ikipakwa kwenye bomba na ndani ya fitingi, viyeyushi hulainisha ngozi ya plastiki pande zote mbili. Bomba linaposukumwa ndani, plastiki hizo mbili laini huchanganyika, kisha viyeyushi huondoka polepole kwa kupitia ukingo wa kiungo na kwa kupenya ukuta wa bomba. Kinachobaki ni plastiki moja.

Kwa sababu hiyo, kiungo kilichofanywa vizuri hakiwezi kufunguliwa tena. Atakayetaka kukitoa atakata bomba. Ndiyo maana pia mafundi wengi huanza na praima, ambayo husafisha uso wa bomba na kuanza kuulainisha kabla ya gundi. Mfanyabiashara anayeuza gundi pekee na kuiacha praima anapunguza gharama ya mteja leo, lakini katika mabomba ya presha, hasa makubwa, anaongeza uwezekano wa malalamiko kesho.

Hesabu ya mzigo

Nguvu ya kiungo inaweza kupimwa kwa hesabu rahisi. Chukua bomba la milimita 110 lenye alama ya PN 10, yaani lililotengenezwa kubeba presha ya baa 10, ambayo ni takriban kilo 10 kwa kila sentimita ya mraba. Presha hiyo inaposukuma mwisho uliozibwa, nguvu inayojaribu kuchomoa bomba kutoka kwenye fitingi ni sawa na uzito wa kilo 970 hivi, yaani karibu tani moja.

Tani moja ni mzigo wa kutisha kwa kiungo cha plastiki, lakini eneo linaloubeba ni kubwa. Katika mfumo wa ISO, kina cha soketi ya gundi ni nusu ya kipenyo cha bomba kuongeza milimita 6, hivyo kwa bomba la 110 hakipungui milimita 61. Ukizungusha kina hicho kwenye bomba lote, eneo linalopakwa gundi ni takriban sentimita za mraba 210. Ukigawanya, kila sentimita ya mraba inabeba kilo 4.6 tu.

Linganisha na kile gundi inachotakiwa kuweza. Kiwango cha Marekani cha ASTM D2564 kinataka gundi ya PVC, ikipimwa maabara katika nyuzi 23 za sentigredi, ibebe angalau kilo 17 kwa kila sentimita ya mraba baada ya saa 2, kilo 35 baada ya saa 16, na kilo 63 baada ya saa 72. Gundi iliyokauka kwa siku 3 ina nguvu zaidi ya mara 13 ya zile zinazohitajika.

Hesabu hii ina maana moja kubwa kwa biashara. Kiungo kilichopakwa gundi nzima, kwa kipimo sahihi na kwa muda wa kutosha, hakiachii kwa presha ya kawaida. Kikiachia, kuna kitu kimepungua: eneo lililoshika, muda, au ubora wa gundi yenyewe. Mfano, ikiwa ni sehemu 1 kati ya 5 ya eneo lile iliyoshika, sehemu hiyo italazimika kubeba kilo 23 kwa sentimita ya mraba. Huo ni mzigo unaozidi kiwango cha chini cha gundi ya saa 2, na fundi aliyefungua maji mapema ataona bomba likichomoka.

Muda wa kukauka

Kuna tofauti kati ya gundi kushika na gundi kukauka. Bomba dogo hushika kwa dakika chache, kiasi kwamba fundi anaweza kuliachia bila kuteleza. Kukauka ni jambo la saa na siku, kwa kuwa viyeyushi vilivyobanwa katikati ya bomba na fitingi havina njia ya haraka ya kutoka. Ndiyo maana vipimo vya maabara vinaendelea hadi saa 72.

Muda huo huongezeka kadiri bomba linavyokuwa kubwa, hali ya hewa inavyokuwa ya baridi, na unyevu unavyozidi. Watengenezaji hushauri kuongeza nusu ya muda wa kawaida wakati wa unyevu mwingi. Kwa mteja wa nyanda za baridi kama Kigali, Mbeya au Kabale wakati wa masika, maelezo yaliyoandikwa kwa ajili ya siku ya jua hayatoshi. Duka linalobandika ukutani jedwali la muda kutoka kwa mtengenezaji wa gundi, na kumwonyesha mteja kabla hajaondoka, linajikinga na sehemu kubwa ya madai. Kwa mabomba ya presha, kusubiri saa 24 kabla ya kujaribu maji ni tahadhari inayokubalika kwa kazi nyingi ndogo. Kazi kubwa zinahitaji zaidi.

Milimita na inchi

Chanzo kingine cha hasara kiko kwenye oda. Masoko ya kanda hii yana mabomba ya mifumo miwili: ya milimita, kama 20, 25, 32, 63 na 110, na ya inchi. Majina ya mazungumzo huvichanganya. Bomba la milimita 110 huitwa la inchi 4, na la milimita 32 huitwa la inchi 1.

Kwa vipimo halisi, bomba la inchi 1 lina kipenyo cha nje cha milimita 33.4, na la inchi 4 lina milimita 114.3. Bomba la milimita 32 likiingizwa katika fitingi ya inchi 1 linateleza bila kugusa, likiacha pengo la milimita 1.4. Gundi haiwezi kuziba pengo hilo. Sehemu kubwa ya gundi ni viyeyushi vinavyoondoka, na kiwango kilichotajwa hapo juu kinataka kopo liwe na angalau asilimia 10 ya plastiki ya PVC kwa uzito. Kilichojaa pengo leo kitasinyaa na kuacha matundu baada ya siku chache.

Hali ikiwa kinyume, bomba likiwa kubwa kuliko fitingi, baadhi ya mafundi hulipasha bomba moto na kulitanua au kulibana. Bomba lililopashwa hivyo hupoteza unene na umbo lake, na presha iliyoandikwa juu yake haina maana tena mahali hapo.

Kipimo cha kukagua mzigo ni rahisi na hakihitaji maabara. Bomba kavu, bila gundi, linatakiwa kuingia kwenye soketi ya fitingi kwa urahisi hadi kati ya theluthi moja na theluthi mbili ya kina chake, kisha likaze. Likigonga mwisho bila kukaza, kuna pengo kubwa mno. Likikataa kabisa kuingia, vipimo havioani. Mfanyabiashara anayenunua mabomba kwa muuzaji mmoja na fitingi kwa mwingine afanye jaribio hili kwa kila saizi kabla ya kulipa salio, kwa kuwa mzigo ukishavuka mpaka gharama ya kuurudisha inaweza kumeza faida yote.

Plastiki zisizokubali gundi

Si kila plastiki huyeyushwa na gundi hii. Matangi ya maji ya plastiki, madumu, kreti za soda na mabomba meusi ya HDPE ni vya poliethilini. Mabomba ya PPR yanayotumika ndani ya nyumba ni ya polipropilini. Viyeyushi vya gundi ya PVC havilainishi plastiki hizi, hivyo gundi hukauka juu yake na kubanduka kama ngozi. Huunganishwa kwa joto, au kwa fitingi za kukaza. Mashine ya kuunganisha PPR hufanya kazi katika nyuzi 260 hivi.

Plastiki ya ABS huyeyuka kwa viyeyushi, lakini ina gundi yake, na vilevile mabomba ya CPVC ya maji moto yana gundi yake. Mteja anayeomba gundi ya plastiki bila kutaja aina aulizwe kwanza anaunganisha nini.

Joto la safari na la stoo

Gundi huanza kuharibika kabla ya kufunguliwa. Kopo lililokaa siku kadhaa ndani ya kontena lililofungwa, juani, hupata joto kali. Viyeyushi hupanuka na kusukuma kifuniko, na kifuniko kikilegea vinatoroka. Kilichobaki huwa kizito, kisha huganda kama jeli. Gundi ya namna hiyo hailainishi tena plastiki ipasavyo, hata kama bado inanata mikononi.

Kosa la kawaida ni kuizimua kwa thina ya rangi au petroli ili irudi kuwa nyepesi. Nguvu hairudi, kwa sababu kilichopotea si wepesi tu bali ni mchanganyiko maalumu wa viyeyushi. Gundi iliyoganda ni hasara, na iandikwe hasara. Kwa kawaida muda wa matumizi ni miaka 2 hadi 3 tangu kutengenezwa, ikiwa kopo halijafunguliwa na limehifadhiwa kama lebo inavyoelekeza. Kwa mzigo wa ng'ambo, miezi ya baharini, bandarini na barabarani inahesabiwa ndani ya muda huo, hivyo tarehe ya kutengenezwa itazamwe wakati wa kununua na pia wakati wa kupokea.

Mabomba nayo yana mipaka. Yakiachwa juani kwa miezi, rangi hupauka na plastiki huwa rahisi kupasuka ikigongwa. Turubai au kivuli chenye upepo hutosha kuyakinga. Aidha, bomba lililopata moto wa jua lisiunganishwe kabla ya kupoa. Uso ukizidi nyuzi 43 hivi, viyeyushi hukauka kabla bomba halijaingia kwenye fitingi.

Joto hupunguza pia uwezo wa bomba lenyewe baada ya kufungwa. Kwa jedwali linalotumika Marekani, bomba la PVC lililopewa baa 10 katika nyuzi 23 hubaki na baa 6.2 likifanya kazi katika nyuzi 38, na baa 2.2 tu katika nyuzi 60. Bomba lililolazwa juu ya bati na kutumiwa kwa maji ya presha haliwezi kudaiwa baa zilizoandikwa juu yake.

Gundi barabarani

Mwenye gari anayebeba gundi ya PVC amebeba kimiminika kinachoshika moto. Katika orodha ya Umoja wa Mataifa ya bidhaa za hatari, gundi zenye kimiminika kinachowaka zimepewa namba UN 1133, daraja la 3. Tetrahidrofurani hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata katika nyuzi 14 chini ya sifuri, sembuse kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa kwa takriban mara 2.5, hivyo hushuka na kutanda chini ya mzigo na chini ya tela.

Hapo ndipo palipo hatari kwenye foleni za mpakani, ambako utingo huwasha jiko karibu na gari ili kupika chakula cha usiku. Makopo yapakiwe wima, mahali penye hewa, mbali na vitu vinavyoweza kuyatoboa, na mabomba yasiwekwe juu yake. Kizima moto kiwe karibu, na dereva ajue amebeba nini. Kanuni za kimataifa hulegeza baadhi ya masharti kwa vifungashio vidogo, yaani chombo kisichozidi lita 5 ndani ya katoni isiyozidi kilo 30, mradi katoni iwe na alama inayotakiwa. Kulegeza masharti si kuficha, na hati za mzigo zieleze ukweli.

Mabomba yenyewe ni mepesi na yanachukua nafasi kubwa, hivyo gari hujaa kabla ya kukaribia kikomo cha tani 56 cha Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ili kubana nauli, wasafirishaji huingiza mabomba madogo ndani ya makubwa. Njia hiyo ni nzuri ikiwa ncha zimekingwa. Ncha iliyokwaruzwa au kupasuka ndiyo inayoingia kwenye fitingi, na inalazimu kukatwa.

Forodha na alama ya ubora

Katika mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa, mabomba magumu ya PVC huingia namba 3917.23, fitingi za plastiki 3917.40, na gundi iliyofungashwa kwa rejareja kwa uzito usiozidi kilo 1 huingia 3506.10. Kuiandika gundi kama sehemu ya fitingi ni tamko lisilo sahihi. Licha ya adhabu ya forodha, moto ukitokea, kampuni ya bima inaweza kupata sababu ya kukataa kulipa kwa mzigo wa hatari ambao haukutajwa.

Kwa upande wa viwango, Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2006 kuhusu viwango, ubora, vipimo na upimaji inaweka msingi wa alama ya ubora ya nchi mwanachama kutambuliwa na nchi nyingine. Mfanyabiashara ahifadhi nakala ya cheti cha bidhaa husika na ahakikishe alama imechapishwa kwenye bomba, si kwenye kifungashio pekee. Zambia si mwanachama wa jumuiya hiyo, hivyo mzigo unaopita Tunduma kwenda Nakonde unahitaji kuulizwa masharti yake mapema. Kwa mabomba ya maji ya presha, kiwango cha kimataifa kinachotajwa zaidi ni ISO 1452.

Kusoma kiungo kilichoachia

Mteja anapoleta malalamiko, aombwe kuleta kipande chenye kiungo kizima, kilichokatwa pande zote mbili. Kipande hicho kikichanwa kwa msumeno kwa urefu, yafuatayo huonekana:

1. Uso wa bomba bado unang'aa, na maandishi ya kiwandani yanasomeka ndani ya soketi. Gundi haikuyeyusha chochote. Sababu ni gundi iliyoharibika, gundi isiyo ya plastiki hiyo, au uso mchafu. Hapa muuzaji na msambazaji wana maswali ya kujibu.

2. Gundi imebaki upande mmoja kama ngozi kavu. Ilikauka kabla bomba halijaingizwa. Mara nyingi ni kazi ya fundi, au bomba lililokuwa na joto kali.

3. Gundi ina matundu na mapovu, na bomba linacheza ndani ya fitingi. Vipimo havioani. Nani aliyeuza mabomba, na nani aliyeuza fitingi?

4. Uso wa pande zote mbili ni laini, umevutika, na una harufu kali. Maji yalifunguliwa kabla ya kukauka.

5. Bomba limeingia kina kidogo, na sehemu ya soketi ni tupu. Bomba halikusukumwa hadi mwisho, au lilijisukuma nje kwa kuachiwa mapema.

6. Kiungo ni kizima, lakini bomba limepasuka kwa urefu mbali nacho. Gundi haina hatia. Kagua presha, joto, ubora wa bomba na namna lilivyobebwa.

Ukaguzi huo una thamani tu ikiwa kuna cha kulinganisha nacho. Kwa hiyo kila shehena ya gundi iandikwe namba ya toleo na tarehe, na kopo moja libaki stoo. Siku ya kupokea mzigo, kata vipande viwili vya bomba, viunganishe kwa soketi na gundi ya shehena hiyo, viache saa 72, kisha vichane kwa msumeno na ujaribu kuvitenganisha kwa bisibisi. Kiungo kizuri hakitatengana. Plastiki yenyewe ndiyo itakayovunjika. Kikitengana, mzigo bado uko mkononi, hati bado ni mpya, na dai kwa msambazaji linaweza kufunguliwa kabla gundi haijafika kwa mteja wa kwanza.